Pedi yenye mfuniko wa betri si ya kizamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa safu ya teknolojia, ambaye Jumamosi iliyopita alilinganisha pedi za gemu zisizo na waya, yaani vile vifaa vya mkononi vya kuchezea gemu. Makala yake nimeisoma mara mbili. Mengi aliyoandika ni sahihi na nampongeza, maana ni nadra gazeti la Kiswahili kuwapa wacheza gemu ukurasa mzima. Ila alipofika kwenye betri, pedi zinazotumia betri mbili za AA, zile zile tunazotia kwenye saa ya ukutani, aliziita za kizamani na akazipunguzia alama mbili. Hapo sikubaliani naye, na ninazo sababu.

Mimi ni fundi. Meza yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, tangu mwaka 1991. Nilianza na redio za betri kubwa, zile za kupanga nne au sita kwenye mstari, nikaja kwenye redio kaseti, kisha televisheni za chogo, kisha simu. Pedi zilianza kuletwa moja moja, na sasa kuna siku nafungua pedi nyingi kuliko simu, kwa kuwa mabanda ya gemu yamezagaa mtaani na vijana wengi wamenunua mashine za mtumba nyumbani. Kwa hiyo nayasema haya nikiwa mtu anayeziona pedi zikiwa wazi, si zikiwa kwenye boksi jipya.

Jumatatu hii alikuja kijana wa kidato cha pili, pedi yake ameifunga kwenye taulo dogo kama mtu aliyebeba yai.

"Shikamoo babu fundi."

"Marahaba mjukuu wangu. Imepatwa na nini?"

"Haikai na chaji. Nikichomoa waya tu, mechi haifiki mapumziko inazima."

Aliinunua kwa pesa alizopata likizo ya Desemba akiuza ashkrimu na mama yake. Niliifungua mbele yake. Betri ilikuwa ndani, bapa, imelala kwenye kitanda chake cha plastiki juu ya bodi. Nikaichaji saa mbili, nikaipima, mita ikasoma volti 4.1. Ukiitazama namba hiyo peke yake utasema betri imejaa. Nikaitwika mzigo wa balbu ndogo, na ndani ya dakika sita ikawa imeshuka chini ya volti 3. Betri ya namna hiyo ni sawa na mtungi uliojaa mchanga: maji yanafika mdomoni upesi kwa sababu ndani hamna nafasi. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa maradhi yale si ya kampuni. Kila betri ya lithiamu, kama hiyo ya ndani, huzeeka, kwa kuchajiwa, kwa joto na kwa miaka kupita. Mtengenezaji analijua hilo tangu siku anapochora pedi, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kama kitu kimoja ndani ya pedi kinajulikana kuwa kitakufa mapema kuliko vingine vyote, mahali pake ni pale ambapo mwenye pedi anaweza kukifikia.

Mwandishi wenu aliweka jedwali la ukubwa wa betri kwa mAh, yaani milliampia-saa, akaonyesha kwamba betri za AA za kuchaji zina 2,000 na DualSense ya PlayStation 5 ina 1,560, halafu akashangaa kwa nini pedi hizi mbili hazifuatani na namba hizo kwa saa za kucheza. Ningependa kumsaidia hapo, kwa sababu wasomaji wengi nao wanaitazama namba ya mAh kama vile ni lita za mafuta. Namba hiyo peke yake haisemi kitu mpaka uizidishe kwa volti. Betri mbili za AA za kuchaji zikifuatana zinatoa volti 2.4. Zidisha kwa 2,000, unapata milliwati-saa 4,800. Betri ya DualSense ni ya volti 3.65 hivi. Zidisha kwa 1,560, unapata karibu 5,700. Kumbe DualSense ndiyo yenye akiba kubwa. Pedi ya PlayStation 4, DualShock 4, yenye betri ya 1,000, ina akiba ya 3,650 tu. Na pedi ya Nintendo Switch, ile kubwa inayoitwa Pro Controller, ina betri ya volti 3.7 na 1,300 mAh, yaani 4,810.

Sasa angalia saa. Pedi ya Xbox ya betri mbili za AA, kampuni yake, Microsoft, inasema inafika saa 40. Pro Controller ya Nintendo nayo inatajwa saa 40, na akiba yake ni karibu sawa kabisa na ile ya AA mbili. DualSense yenye akiba kubwa kuliko zote mbili, katika mabanda ninayoyahudumia, inacheza kati ya saa 6 na 10. Kinachokula umeme si mahali betri ilipowekwa. DualSense ina mota za kukaza vifyatuo vya vidole, mitetemo yake ni ya kisasa, ina spika, ina taa, ina sehemu ya kugusa. Ni pedi nzuri mno mkononi na sina ubaya nayo. Lakini anayesema betri ya ndani ndiyo ya kisasa kwa kuwa ina nguvu zaidi, namba hazimuungi mkono, na anayesema AA ndiyo inayodumu kwa kuwa ni AA, naye namba hazimuungi mkono.

Basi tubaki na swali la mfuniko, yaani kama mwenye pedi anaweza kuifikia betri mwenyewe.

Nianze na Xbox, kwa sababu ndiyo iliyoshikilia AA kwa muda mrefu. Pedi ya Xbox 360 ya mwaka 2005 ilikuwa na kasha mgongoni, unabonyeza kitufe linachomoka na betri zake mbili. Xbox One ya mwaka 2013 ikaweka mfuniko wa kuteleza, na pedi za Xbox Series za mwaka 2020 zikaendelea hivyo hivyo, zikabadilisha tu tundu la waya kuwa USB-C. Anayetaka kuchaji bila kutoa betri anauziwa pakiti ya kuchaji inayoingia kwenye nafasi ile ile. Ikizeeka, anaitoa na kuweka nyingine, au anarudi kwenye AA. Hata hivyo Microsoft wenyewe, walipotoa pedi yao ya bei kubwa, Elite Series 2, mwaka 2019, waliifungia betri ndani. Elite ya kwanza, ya mwaka 2015, ilikuwa ya AA. Kwa hiyo mwandishi wenu hayuko peke yake kudhani kwamba bei ikipanda mfuniko unapaswa kuondoka. Mimi naona ni kinyume: anayelipa pesa nyingi ndiye anayetaka pedi yake imdumie miaka.

Nintendo wamepita njia zote mbili. Pedi yao ya WaveBird ya mwaka 2002 na rimoti ya Wii ya mwaka 2006 zilitumia AA mbili. Kufikia Switch wakawa wamehamia betri za ndani. Vile vipedi vidogo vya pembeni, Joy-Con, vina betri ya 525 mAh na vimefungwa kwa skrubu zenye pembe tatu ambazo bisibisi ya kawaida haizishiki. Ila Pro Controller yao ni jambo jingine kabisa, na natamani kila mtengenezaji aifungue aione. Ukishaondoa vishikio na mgongo kwa skrubu chache, betri iko pale, haina hata waya. Ina vidole vya shaba vinavyogusana na vya pedi, kama betri za simu zetu za zamani. Unaiinua kwa ukucha. Na ni betri ile ile waliyoitumia kwenye mashine yao ya mkononi ya 3DS, kwa hiyo spea yake inatafutika. Hakuna mfuniko wa kuteleza, lakini aliyeichora alimkumbuka atakayekuja kuibadilisha.

Sony, wenye PlayStation, ndio walioingiza sokoni betri ya kwanza ya lithiamu ioni, mwaka 1991, mwaka ule ule niliofungua meza yangu. Ni wao walioipa dunia betri hii, na pedi zao zote zisizo na waya tangu PlayStation 3 zimekuwa nayo ndani. DualShock 3 ina skrubu tano mgongoni, ukizitoa betri imelala tu ndani, inachomoka kwa kichwa cha waya. DualShock 4 ina skrubu nne, kisha unabanua ganda taratibu, na hapo uwe mwangalifu, kwa sababu kuna mkanda mwembamba unaounganisha kibodi cha chaji na bodi kubwa. Vijana wengi wanaojifungulia wenyewe huukata bila kujua. DualSense skrubu zake hazionekani. Mbili ziko chini ya ule urembo mweusi unaozunguka vijiti, na mbili nyingine ziko chini ya vitufe vya L1 na R1, ambavyo ni lazima uvibanue kwanza. Mimi sasa naimaliza kwa dakika ishirini. Ya kwanza ilinichukua alasiri nzima na nilivunja ndoano moja ya plastiki, nikailipa kwa kumtengenezea mwenyewe bure.

Naomba nieleweke: kwenye zote hizo betri haijalehemiwa. Imewekwa kwa kichwa cha waya, inachomoka. Hilo ni jema na linastahili kusemwa. Lakini njia ya kuifikia ni ndefu mno kwa mtu wa kawaida, na hakuna kilichowazuia kukata dirisha dogo mgongoni mwa pedi lenye skrubu moja.

Kuna jambo lingine ambalo mwandishi hakuligusa hata kidogo, nalo kwangu ndilo kubwa. Kwenye pedi ya betri ya ndani, mara nyingi betri siyo inayotangulia kuharibika. Linalotangulia ni tundu la waya, tunaloliita sistimu ya chaji. Banda linalofunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 4 usiku, pedi inachomekwa na kuchomolewa mara tano au sita kwa siku, tena na watoto, tena gizani, tena kwa kulazimisha. Micro-USB ya DualShock 4 haikuumbwa kwa maisha hayo. Inalegea, kisha inachaji ukiikunja waya upande mmoja tu, kisha haichaji kabisa. Na ikifika hapo, pedi yenye betri nzima imekufa. Pedi ya AA tundu lake likivunjika leo, kesho inacheza kama kawaida, kwa kuwa umeme wake hauingilii mlango huo. Mfuniko unaokoa vitu viwili kwa mpigo.

Na kwa kuwa nimetaja kuchaji, niwasaidie wenye PlayStation 3, maana bado zipo nyingi huku mitaani. DualShock 3 ukiichomeka kwenye chaja nyingi za simu za ukutani haipokei umeme. Haijaharibika. Ilitengenezwa kuchajiwa kutoka kwenye mashine au kompyuta, inayozungumza nayo kwanza ndipo ianze kupokea. Nimepokea pedi nyingi za aina hiyo zikiletwa kama mbovu, nazo ni nzima. Namrudishia mwenyewe na kumwambia achomeke kwenye mashine yenyewe.

Turudi kwenye AA. Hoja ya mwandishi ilikuwa gharama, na ni hoja ya kweli. Pea ya betri nzuri za alkalini hapa kwangu hainunuliki chini ya shilingi 4,000. Banda likicheza saa 10 kwa siku, pea inakwenda siku nne, kwa mwezi ni pea saba au nane kwa pedi moja. Ni karibu shilingi 30,000. Hakuna mwenye banda wa uswahilini atakayekubali, na akikimbilia zile betri za bei ya chini kabisa, zitaisha upesi na zitavuja.

Ila hesabu hiyo inamhusu mtu anayenunua betri za kutupa. Jirani yangu mmoja, mama mwenye banda lenye Xbox mbili Barabara ya Kumi na Mbili, nilimshauri anunue betri za AA za kuchaji na chaja yake. Alinunua nane, pea nne kwa pedi mbili. Kila pea kaitia nukta za rangi ya kucha: nyekundu, zambarau, nyeupe, na moja ya rangi ya dhahabu. Pea inaingia pamoja, inatoka pamoja, inachajiwa pamoja. Nilimweleza sababu: ukichanganya betri yenye nguvu na iliyochoka, iliyochoka itaisha mapema na yenye nguvu itaendelea kusukuma umeme ndani yake kinyumenyume, na hapo unaiua. Mama yule hajawahi kuchanganya. Pea mbili ziko kazini, mbili ziko kwenye chaja ukutani karibu na picha ya marehemu mumewe. Huu ni mwaka wa tatu na betri ni zile zile. Mteja akilalamika pedi inazima, anafungua mfuniko, anabadilisha, mchezo unaendelea, hata dakika moja haiishi. Kwa jirani yake mwenye pedi za ndani, mteja anaambiwa akae karibu na mashine, acheze na waya wa futi tatu shingoni mwa wenzake.

Watu wenye kumbukumbu mbaya ya betri za AA za kuchaji wanakumbuka zile za zamani, ambazo ukizichaji na kuziweka kabatini mwezi mmoja unazikuta tupu. Hilo lilirekebishwa. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa Eneloop, ambazo zinatunza chaji zikiwa zimekaa tu, na baadaye kampuni nyingine zikafuata. Volti yake ni 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo alama ya betri kwenye kioo inaweza kukudanganya kidogo, lakini pedi inafanya kazi sawasawa.

Kuvuja nako kuna dawa. Wiki mbili zilizopita niliisafisha pedi iliyoachwa na betri za alkalini ndani yake mwaka mzima. Springi zilikuwa zimevaa unga mweupe kama chumvi ya chooni. Nilikamua limau nusu kwenye kifuniko cha chupa, nikachovya mswaki wa zamani, nikasugua springi moja moja. Ule unga ukachemka vipovu vidogo vidogo, ukalainika, ukatoka. Nikafuta kwa pamba yenye spiriti, nikaanika, nikakwangua ncha ya springi kwa msasa laini mpaka ikang'aa. Gharama yake ni limau. Betri ya lithiamu inapoharibika haina limau.

Hilo la mwisho nimelipitia mwenyewe. Mwaka juzi nilinunua pakiti ya betri kumi za kubadilishia kwenye pedi, kutoka duka moja la jumla ambalo sitalitaja. Juu ziliandikwa 2,000 mAh. Nilishangaa, kwa sababu zilikuwa na umbo lile lile la betri ya asili ya 1,000, na zaidi ya hapo zilikuwa nyepesi. Nilizipima mbili kwa kuziachia chaji polepole na kuhesabu saa, hakuna iliyozidi 600. Saba nilizirudisha, hawakuzipokea. Moja iliyobaki nilikuwa nimeshaiweka kwenye pedi ya mteja kabla sijazipima hizo mbili, na ndani ya miezi mitatu ikarudi imevimba kiasi cha kulisukuma ganda la pedi mpaka limeacha mwanya wa kupitisha shilingi. Nilipoifungua ilinipiga harufu tamu tamu, kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Niliitoa kwa mikono inayotetemeka, nikaizika kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya kibanda. Ile pedi ilikuwa inalala chini ya mto wa mtoto wa miaka tisa. Sikulala vizuri usiku ule.

Tangu hapo nina mizani ndogo ya kupimia dhahabu mezani kwangu, na kila betri ya kubadilishia naipima uzito kabla sijaikubali. Lakini mteja wa kawaida mizani ataitoa wapi? Betri ya AA feki itamkasirisha kwa kuisha mapema. Betri ya lithiamu feki inaweza kumchomea nyumba. Tunapozungumzia usanifu wa betri, na hili limo, kwa sababu pedi isiyo na mfuniko inamlazimisha mtu, baada ya miaka michache, aingie kwenye soko hilo hilo la betri zisizo na jina. Shirika letu la viwango lingewasaidia sana watu kama lingezitazama na hizi betri ndogo za spea, kama linavyozitazama nyaya na swichi.

Halafu kuna mtumba. Makala ilizungumza kana kwamba kila msomaji atanunua pedi mpya dukani. Huku kwetu pedi nyingi zinakuja zikiwa za mkono wa pili, zimekaa kwenye boksi, kisha ghalani, kisha kwenye kontena, miezi hata mwaka. Betri ya lithiamu ikikaa tupu muda mrefu hivyo inashuka chini ya kiwango, na ukija kuichomeka, ule ulinzi wake wa ndani unakataa kuipokea chaji. Pedi nzima, vijiti vizuri, vitufe vizuri, na haiwaki. Ya AA hata ikikaa miaka kumi kwenye kontena, alimradi hakuna aliyesahau betri ndani, unaweka pea mpya inawaka. Ndiyo maana mnunuzi anayekwenda kuchagua mtumba namwambia aende na betri zake mbili mfukoni na waya wa chaji. Ya AA aijaribu papo hapo. Ya ndani aichomeke, aiache robo saa, aichomoe, acheze nayo akiwa anazungumza na muuzaji, aone itafika wapi. Na aichungulie ubavuni pale maganda mawili yanapokutana, kama kuna mwanya wowote aiache.

Zipo pedi zilizojaribu kuwapa watu yote mawili. 8BitDo, kampuni ya Wachina, mwaka 2021 walitoa pedi iitwayo Pro 2 yenye pakiti ya kuchaji ya 1,000 mAh nyuma ya mfuniko. Ukitaka unaichaji kwa waya kama pedi nyingine, ikizeeka unaitoa kwa mkono, na ukikosa spea nafasi ile ile inapokea AA mbili. Pedi hii si ya bei kubwa. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba mfuniko unaongeza gharama au unaharibu umbo, nashindwa kukubali.

Huko Ulaya nao wameona. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha kanuni mpya ya betri, namba 2023/1542, inayotaka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri ndogo zilizomo ndani ya vifaa, isipokuwa vichache vilivyotajwa, ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kwa zana za kawaida za dukani, na spea zake zipatikane kwa angalau miaka mitano baada ya kifaa cha mwisho cha aina hiyo kuingizwa sokoni. Yaani kile mwandishi wenu alichokiita cha kizamani, wenzetu wamekiandika kwenye sheria kuwa ndiyo mwendo wa mbele. Nawaomba wafanyabiashara wetu wanaoagiza pedi Dubai na Guangzhou waulize swali hili kabla hawajalipa: betri inatolewaje, na spea yake nitaipata wapi? Wasipouliza, tutaletewa zile ambazo Ulaya hazitauzika tena.

Yule kijana wa Jumatatu nilimwekea betri nzuri niliyoitoa kwenye pedi iliyovunjika vijiti, nikampunguzia bei. Alisimama pembeni ya meza muda wote, akauliza kila kitu kinaitwaje. Nilipofunga skrubu ya mwisho aliniuliza kwa nini hawakuweka mlango. Nilimwambia nitamwandikia mtu anayeweza kuuliza swali hilo kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Namwomba basi mwandishi wenu, atakaporudia ulinganisho huu, aongeze safu moja kwenye jedwali lake: ni skrubu ngapi na dakika ngapi mpaka kuigusa betri. Kama hana bisibisi, ninazo. Barabara ya Nane, kibanda cha bluu mkabala na muuza mkaa, kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Aje na ile pedi aliyoipa alama tisa, tuifungue pamoja.

Fundi redio,
Ngamiani, Tanga.